Misemo Sitini na Penseli ya Pembeni

3 Machi 1986

Mpwa wangu Nukta,

Marahaba kabla hujaamkia, maana najua shikamoo yako iko njiani. Sisi huku wazima. Goti la mama yako limetulia tangu aache kupanda darini kutafuta vitu ambavyo akifika juu hakumbuki ni vitu gani. Anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Nimemwambia watu wa ofisini hula mara tatu, na katikati hutafuna kalamu. Paka wa jirani yetu, fundi saa, amezaa ndani ya sanduku langu la herufi, upande wa Q na X, kwa kuwa amegundua kwamba kwa Kiswahili sifiki huko. Paka ana akili kuliko wateja wangu wengi.

Sasa lililoniketisha. Wiki iliyopita mkuu wa shule ya sekondari alikuja hapa chumba cha chapa. Wanafunzi wake mwaka jana walianguka vibaya katika swali la misemo ya Kiingereza. Anataka kijitabu chenye misemo sitini, msemo upande wa kushoto, maana yake kwa Kiswahili upande wa kulia, nakala mia tatu. Mwalimu wao wa Kiingereza ana vipindi mpaka shingoni na hana nafasi ya kuikusanya. Nikasema, niachieni mimi. Mdomo uliponza kichwa, mwanangu. Kiingereza changu unakijua: naweza kukipanga herufi kwa herufi bila kukosea hata moja, na nisijue nimepanga nini.

Kazi hii si ya mchezo. Ng'ambo ya barabara wamefungua duka la chapa lenye mashine ya umeme, na mkuu wa shule ameniambia bila kunificha: kijitabu kikitoka kizuri, mitihani yote ya shule itachapwa kwangu. Kikitoka vibaya, yeye pia atavuka barabara. Miaka thelathini na minane sijatoa kazi yenye kosa. Sitaki kuanza uzeeni.

Wewe unashinda na watu wanaokisema hicho Kiingereza kutwa. Nikusanyie misemo na maana zake. Na usisahau utaratibu wetu wa tangu ulipokuwa na miaka tisa, ukikaa kwenye kile kigoda na kunisomea kwa sauti, mpaka mikato na nukta, ukitamka "nukta!" kama mtu aliyefunga bao. Wino ni wa watu wote. Barua zako namsomea mama yako neno kwa neno, kwa vile yeye hakwenda shule. Lakini jambo zito huandikwa pembeni kwa penseli, na hilo ni la mimi na wewe tu. Na kazi ikiwa safi, naandika pembeni neno langu moja: Ichapwe.

Tangu uondoke nasahihisha peke yangu. Kigoda kimekuwa cha paka.

Mjomba wako, Mchapaji.


24 Machi 1986

Mjomba,

Shikamoo, na nyingine mfikishie Mama. Mwambie nakula. Mama mwenye nyumba, yule mshonaji mapazia, ananikataza kutoka asubuhi na tumbo tupu, anasema nitazimia nimharibie jina. Dirisha la chumba changu bado linatazama ukuta, ila ukuta wenyewe umepakwa rangi ya kijani mwaka huu, basi najiona nimehama.

Kuhusu misemo, umepiga hodi mlango wenyewe. Bosi wangu hajui kusema jambo moja kwa moja. Siku yangu ya kwanza nilikuwa napiga taipu mbiombio, akaniambia kwa Kiingereza nishikilie farasi wangu. Mjomba, nilichungulia dirishani! Nilikaa mikono mapajani nikiwaza kama ofisi hii ina farasi na mbona hawakuniambia kwenye usaili. Aliyeniokoa ni opareta wa simu. Chumba chake kimepakana na changu na ukuta ni wa mbao. Akagonga akasema, "Dada, maana yake subiri kidogo. Hujafukuzwa bado." Opareta ameunganisha simu za Waingereza kwa miaka kumi na moja, hakuna msemo wao usiopita masikioni mwake.

Thelathini ya kwanza iko kwenye karatasi ya pili, na maana zake zote nimezihakikisha kwa Opareta. Mvua ikiwa kubwa wanasema inanyesha paka na mbwa. Nilimuuliza kwa nini paka na mbwa, akasema tushukuru, wangesema ng'ombe tungehama mji. Mtu akifa amepiga ndoo teke. Wetu hukata kamba, wao hupiga ndoo. Inaelekea kote duniani mtu haondoki bila kuharibu kitu. Kazi nyepesi ni kipande cha keki, na Opareta anasema aliyetunga huo hajawahi kuoka. Anayetoboa siri amemwaga maharage.

Juzi kwenye mkutano bosi alisema mna tembo humu chumbani. Ni jambo ambalo kila aliyekaa pale analijua na hakuna anayethubutu kulitaja. Opareta akasema sisi hatujawahi kuhitaji tembo, sisi hukohoa tu.

Nimecheka sana mwezi huu, Mjomba. Nilikuwa nimesahau.

Nukta.


12 Aprili 1986

Nukta mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, moja kwa ajili yangu na moja kwa mama yako, na tumecheka mpaka akashika goti. Hayo maharage yamemkera. Anasema mwenye akili humwaga mtama, tena kwenye kuku wengi, ndipo siri isambae. Maharage yanaokotwa moja moja yakarudi chunguni. Nimemwambia kitabu si changu.

Paka ameondoka sandukuni na wanawe wanne, na kwa wakati mwafaka, maana X zake nimezihitaji. Nimeshaanza kupanga. Nataka kitoke kizuri kuliko chochote cha ng'ambo ya barabara: misemo kwa wino mwekundu, maana kwa wino mweusi. Kwa hiyo kila karatasi itapita mashineni mara mbili, kwanza kwa safu ya kushoto, kisha ikikauka irudi kwa safu ya kulia. Mguu wangu wa kukanyagia mashine utanilaani, lakini macho ya wanafunzi yatafurahi.

Nimefanya hesabu ndogo. Katika barua ya kurasa tatu, bosi ametajwa mara chache. Mimi nimetajwa, pamoja na shikamoo. Opareta ametajwa kila baada ya mstari mmoja. Sisemi kitu. Nakohoa tu. Mama yako kauliza kama opareta huyo ni mwanamke au mwanamume, nikamjibu kwamba barua haisemi.

Ukiandika tena, tumia wino mweusi, usibane maandishi. Karatasi za siku hizi zinakunywa wino. Nami nasomea mlangoni, kwa kuwa fundi saa ametundika turubai lake na chumba kimeingia giza.

Mjomba wako.


30 Aprili 1986

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia Mama anatembea. Mwambie opareta ni mwanamume, na Mjomba apunguze kukohoa asije akaambiwa ana pumu.

Hii hapa thelathini iliyobaki, kwa wino mweusi na herufi kubwa kubwa. Mtu akijikaza kukabili jambo gumu wanasema ameuma risasi. Sisi tungesema amepiga moyo konde. Anayeingiwa na hofu dakika ya mwisho, hasa karibu na harusi, amepata miguu baridi. Na umpendaye kupita wote wanamwita tufaha la jicho. Hapo Opareta aliguna, akasema sisi tumewazidi, mboni ya jicho ni mboni ya jicho, tufaha litaingiaje mle?

Ofisini tumepata mitambo mipya ya simu. Nyaya zimeongezeka, na bosi alitaka aletwe mtu mwingine wa kuiendesha. Opareta aliomba apewe asubuhi moja tu. Kufika saa sita mchana alikuwa anaunganisha kwa haraka kuliko zamani. Bosi alisema kitu kuhusu kofia na kuila, yaani hakuamini kama ingewezekana. Nao nimeuongeza, ni wa hamsini na tisa.

Kisome chote vizuri kabla hujachapa.

Nukta.

[Pembeni, kwa penseli]
Mjomba, hili si la kumsomea Mama, bado. Opareta anataka kuja kujitambulisha nyumbani. Mimi nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Kuna jambo moja. Haoni. Tangu utotoni, ni surua. Anapika, anapiga pasi, na nikikasirika anajua kwa namna ninavyofunga droo. Watu watasema, na Mama atalia kwanza. Ninachotaka ni neno lako, maana wewe ndiye uliyenilea. Ukiridhia, niandikie lile neno lako pembeni. Usiporidhia, usiandike kitu. Nitaelewa.


28 Mei 1986

Nukta mwanangu,

Nisamehe kwa kukawia. Kazi imenibana. Mama yako mzima, amepanda mboga nyuma ya nyumba na sasa anagombana na paka watano badala ya mmoja. Misemo yote sitini imefika, ila wa arobaini na mbili na wa arobaini na tatu haikusomeka vizuri. Nadhani karatasi ililoa njiani. Niandikie tena.

Safu nyekundu nimekwisha kuichapa. Imependeza! Nyeusi nitaianza karatasi zikikauka.

Juzi nilikwenda kumtazama yule mpanga herufi mwenzangu wa zamani. Unamkumbuka, aliyekuwa akikupa peremende za mnanaa. Macho yamekwisha kabisa. Wanawe wamemweka kibarazani kwenye kiti, asubuhi wanamtoa, jioni wanamwingiza. Mtu aliyekuwa akipanga ukurasa huku anapiga soga! Nilikaa naye kidogo, nikarudi nyumbani na unyonge ambao haujanitoka mpaka leo. Asiyeona wa kazi gani tena, Nukta? Ni mzigo kwa waliomzunguka, hata wakimpenda vipi. Mungu atuepushe nalo, katika nyumba hii lisiingie.

Basi, nimekuchosha. Opareta wako hajambo?

Mjomba wako.


15 Juni 1986

Mjomba,

Shikamoo. Barua imefika na nimeelewa.

Wa arobaini na mbili: kuwa chini ya hali ya hewa, yaani kutojisikia vizuri. Wa arobaini na tatu: mara moja katika mwezi wa buluu, yaani kwa nadra sana.

Opareta yupo kazini. Yule mzee mwenzako, nadhani tatizo lake si macho, ni kiti. Wangempa kazi ya mikono.

Msalimie Mama.

Mpwa wako.


20 Julai 1986

Nukta,

Barua yako ilikuwa fupi kama simu ya maandishi ya msiba, na hukutia jina lako. Mama yako alisubiri niendelee kusoma, nikamwambia ndiyo imekwisha. Akanitazama kama nimeficha ukurasa. Kama nimekukosea, niambie. Mimi ni mtu mzima, naweza kusutwa.

Lakini leo nina aibu yangu mwenyewe, na nimeahirisha kuiandika siku tisa.

Kijitabu kilitoka. Chekundu na cheusi, kingo zimenyooka, mkuu wa shule alikishika kwa mikono miwili. Wanafunzi wakagawiwa, wakaambiwa wakariri. Siku tano baadaye mwalimu wa Kiingereza akafiwa na babu yake. Darasa zima likamwandikia barua ya rambirambi kwa Kiingereza, kwa heshima zote, likieleza jinsi lilivyohuzunika kusikia kwamba babu yake mpendwa amenyesha paka na mbwa.

Nukta, maana zote zimepanda ngazi moja! Ile ya kwanza niliiruka, basi farasi wakawa mvua kubwa, paka na mbwa wakawa kufa, ndoo ikawa kazi nyepesi, na keki ikawa kutoboa siri. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Kijana mmoja alipoulizwa mtihani wa hesabu ulikuwaje, alijibu kwa furaha kwamba amepiga ndoo teke. Na unajua nilifanya nini mwishoni, kwenye msemo wa sitini, nilipoona nafasi ya maana imebaki tupu? Nilidhani nimesahau pambo. Nikaweka ua.

Mwalimu alikuja mwenyewe. Nilitegemea matusi. Alisema kwamba msibani alicheka mara moja tu, na ni kwa ajili ya barua ile. Mkuu wa shule ndiye anayeniondolea usingizi. Anasema atafikiri.

Mashine iliteleza. Imezeeka, skrubu zake zimelegea. Ndivyo nilivyomwambia.

Mjomba wako.


4 Agosti 1986

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, na nyingine za miezi miwili niliyokununia.

Kwanza nikucheke, ndipo nilie. Barua yako nilimsomea Opareta wakati wa chakula cha mchana. Nilipofika kwenye lile ua aliondoa vifaa vya masikioni, akaweka kichwa mezani, na simu tatu zikakatika. Anaomba nakala moja ya kijitabu, anasema atanitaka nimsomee kila Jumapili.

Sasa unisikilize. Mashine inaweza kukunja karatasi, inaweza kupaka wino vibaya. Haiwezi kuruka mstari wa maana. Mstari hurukwa na jicho. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, nikiwa kwenye kigoda.

Nikatoa barua zako zote nikazipanga kitandani kwa tarehe. Za Machi maandishi yako yamelala kwenye mistari. Za Julai kila neno limekuwa kubwa na mistari inateremka kulia. Karatasi zinakunywa wino, unasema. Turubai la fundi saa, unasema. Karatasi ililoa njiani. Mjomba, tembo amejaa chumbani mpaka mkonga umetokea dirishani, na wewe unakohoa!

Ni mtoto wa jicho, sivyo? Na ulipokwenda kumtazama yule mzee kibarazani ulikuwa unajitazama mwenyewe. Nami nikadhani unanitazama mimi. Nilisoma maneno yako yale nikajua umenijibu, nikalia siku mbili, nikaacha kutia jina langu. Sasa naona hukujibu kitu, kwa sababu hukuona kitu.

Katika barua yangu ya tarehe thelathini Aprili kuna penseli pembeni.

Sikuelezi imesema nini. Siiandiki tena kwa wino. Usimpe fundi saa akusomee, wala mwalimu, wala mtoto wa mtu, nitajua. Jambo hili ni la macho yako tu, na ndilo kubwa kuliko yote niliyowahi kukuandikia. Hospitali ya macho wanamtoa mtoto wa jicho asubuhi moja na mtu anarudi nyumbani na miwani. Nenda, kisha uisome.

Najua unaogopa. Hata mimi naogopa, nimengoja neno lako tangu Aprili.

Nukta.


25 Agosti 1986

Nukta,

Ni kweli. Ni macho yote mawili. Kwa penseli naona karatasi tupu, nimeigeuza kwenye jua mpaka mama yako akauliza kama naianika.

Nilificha kwa sababu kazi hii ndiyo mimi. Nisipoona herufi, sikujua nitakuwa nani.

Nimekwenda. Wamenipa tarehe, ni mwezi ujao. Waingereza huuma risasi. Mimi risasi, hii inayoyeyushwa kuwa herufi, nimeishika kwa vidole miaka thelathini na minane na leo ndiyo naambiwa niiume. Mama yako atanisindikiza na goti lake. Atakuwa macho kwangu na mimi nitakuwa mkongojo kwake.

Barua yenye penseli nimeifungia kwenye droo ya herufi kubwa. Sijampa mtu.

Mjomba.


19 Oktoba 1986

Nukta, mboni ya jicho langu, hata hili lililotiwa uzi,

Tazama mwandiko huu. Tazama ulivyolala kwenye mstari kama mtoto aliyeshiba. Sisi wazima. Mama yako anakusalimu, na anasema nikisifia miwani yangu mara moja zaidi ataikalia. Ina vioo vinene kama vitako vya chupa ya soda. Nikiivaa, paka wanakimbia.

Nikueleze kwa utaratibu, maana leo nina utaratibu.

Kabla ya hospitali nilijifungia chumba cha chapa nikiwa na huzuni zangu, na mkuu wa shule akabisha hodi, nikamfungulia. Nikamweleza ukweli, kwamba mashine haikuteleza, ni macho. Alikaa kwenye kigoda. Kisha akaniambia kwamba mwalimu wa Kiingereza amekataa vijitabu kutupwa. Amewapa wanafunzi kazi ya kutafuta kila maana ilikotangatanga na kuirudisha kwa mwenyewe kwa kalamu. Wamebishana, wamegombana, wamemfuata hata saa ya mapumziko, na sasa hakuna asiyejua misemo yote sitini. Mwalimu anasema kosa langu limefundisha kuliko usahihi wangu. Mitihani ya shule italetwa kwangu, kwa sharti moja: pawe na msomaji wa pili. Nilimwahidi.

Baada ya kupasuliwa nilifungwa kitambaa siku nne. Jicho la pili ndilo lile bovu, kwa hiyo nilikuwa gizani. Siku ya kwanza nilimwaga chai kwenye kitanda cha jirani yangu wa wodi. Siku ya pili nilianza kuwajua wauguzi kwa viatu. Siku ya tatu nilijua kabla ya watu wote kwamba daktari ana hasira, kwa namna alivyoweka kalamu mezani. Nililala pale nikafikiri: kumbe mtu yumo humu humu. Hakwenda popote.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mwenzangu wa kibarazani. Nikamwekea mkononi herufi moja ya risasi. Akaipapasa akasema, "G ndogo, na imelika mkia." Nukta, alikuwa sahihi! Sasa kila asubuhi anakuja hapa. Kazi ikishachapwa, anazigawa herufi na kuzirudisha kwenye visanduku vyake kwa vidole, haraka kuliko mimi na miwani yangu. Na mimi ninapopanga ananiuliza kila neno, nami namtamkia, mpaka mikato. Ndiye msomaji wangu wa pili. Ulisema tatizo ni kiti. Tumekichoma.

Ndipo nikafungua droo.

Nilisomea mlangoni, ingawa sasa hapakuwa na haja. Penseli yako nyembamba, imeanza kufifia. Niliisoma mara moja. Kisha nikakumbuka nilichokuandikia wiki nne baada ya wewe kuiandika, kuhusu mzigo, na nyumba hii, na Mungu atuepushe. Niliketi chini pale pale. Nilikuwa nazungumza na hofu yangu, na wewe ukapigwa na maneno hayo kifuani. Nisamehe, mwanangu. Siwezi kuyafuta, wino haufutiki. Naweza tu kukuambia kwamba aliyeyaandika alikuwa haoni, na sizungumzii macho.

Mama yako alinikuta sakafuni akadhani nimeanguka. Akauliza barua inasema nini. Nikajaribu kukohoa, haikufaa. Basi nimemwaga maharage, yote, hadi surua. Alilia kwanza, kama ulivyosema. Alilia muda wa kuosha vyombo. Kisha akajifuta uso akauliza kama huyo kijana anakula.

Mwambie aje. Akija, kigoda ni chake. Paka wote watano nitawahamisha. Nataka nimwekee herufi za jina lako mkononi, moja moja, azisome mwenyewe.

Barua hii msomee yote, pamoja na nukta. Na safari hii, la pembeni nalo lisome kwa sauti.

Mjomba wako, Mchapaji.

[Pembeni, kwa penseli]
Ichapwe.